Kumwanga si kumaliza: juu ya maji yenye kromu



Toka mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna neno moja linalozunguka katika internati na katika kalasi. Watu wanasemaka: "Wakapita wa mwaka wa mwisho wanachunga maji machafu ndani ya labo sawa vile wanachunga mali. Juu ya nini hawaimwange kwa bonde, mvua ipite nayo?" Wengine wameongeza kama tunatafuta tu kuonyesha ukubwa. Mwalimu wa shimi ametuomba kujibu kwa bulteni, kusudi kila mutu asome mwenyewe. Tunajibu bila hasira. Jambo hili ni la maji, na maji inayoshuka toka kilima chetu hainywewi na wanafunzi peke yao. Chini ya bonde iko chemchemi, na kila asubuhi wamama na watoto wanapanga bidoni zao pale mbele ya jua kutoka.

Kwanza tuseme ni maji gani. Wakati wa salongo ya kusafisha kabati za labo tulikuta chupa nne za zamani, zenye maji ya rangi ya chungwa. Etiketi zilikuwa zingali zinasomeka: bikromati ya potasiamu. Tuliikusanya yote katika bidoni moja ya litri 5, na kwa hesabu ya etiketi, chumvi iliyokuwa ndani ni gramu 20. Gramu 20 ni kitu kidogo, inaenea katika kiganja cha mutoto. Ndiyo maana watu wanacheka. Lakini tufanye hesabu, kwa sababu shimi bila hesabu ni masimulizi tu.

Katika gramu 1 ya bikromati ya potasiamu kuna miligramu 354 za kromu. OMS, ni kusema Shirika la Afya la Dunia, imeweka mupaka: maji ya kunywa isipite miligramu 0,05 za kromu kwa litri moja. Gawanya 354 kwa 0,05, utapata 7080. Maana yake ni hii: kupunguza nguvu ya gramu moja tu mpaka ifike kwa ule mupaka, inaomba litri 7080 za maji safi, ao bidoni 354 za litri 20. Kwa gramu zetu 20 inaomba bidoni 7080. Basi ndugu anayesema "tumwange na maji mingi", tunamuuliza: nani atachota bidoni 7080? Siku ya zamu tunalalamika wote kwa bidoni mbili.

Sasa hii kromu ni kitu gani? Ni metali. Mufaransa mmoja, Vauquelin, ndiye aliivumbua mwaka 1797. Jina lake limetoka kwa neno la Kigriki lenye maana ya rangi, kwa sababu chumvi zake zina rangi nyingi: chungwa, manjano, kijani. Tunaishi nayo kila siku. Iko ndani ya sufuria za inoksi, iko juu ya vyuma vinavyong'aa vya pikipiki, na ngozi nyingi za viatu duniani zimetengenezwa na chumvi ya kromu, labda hata ngozi inayofunika Biblia ya baba yako. Kwa hiyo hatusemi kama kromu ni shetani. Mungu aliiweka katika mawe, na watu wamepata nayo kazi nzuri.

Lakini ndani ya maji kromu inapatikana sana-sana kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna kromu 3 na kuna kromu 6. Ni kama ndugu wawili wa tumbo moja ambao tabia haifanani. Kromu 3 iko pole: katika maji ya kawaida haipendi kuyeyuka, inashikamana na udongo, haiendi mbali, na sumu yake ni ndogo. Kromu 6 inayeyuka upesi na inatembea popote maji inapotembea. Tena inadanganya mwili. Umbo lake linafanana na sulfati, kitu ambacho seli za mwili zinahitaji, basi seli zinaifungulia mulango. Ikisha kuingia, inaharibu mpaka ndani ya chembe za urithi. Mwaka 1990 shirika la OMS linalochunguza kansa liliandika kromu 6 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, zaidi kansa ya mapafu kwa wafanyakazi walioivuta kwa pua. Mwaka 2008 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kama panya walionyweshwa kromu 6 kwa wingi walipata kansa katika kinywa ao katika matumbo. Na ile ya chupa zetu ni kromu 6.

Tuangalie sasa watu ambao walifikiri kama kumwanga ni kumaliza. Kule Marekani, katika jimbo la California, kuna kijiji cha jangwani kinachoitwa Hinkley. Kompani ya PG&E ilikuwa na stesheni pale ya kusukuma gesi katika mabomba. Mashini zilikuwa zinapata moto, zikapozwa na maji, na kusudi chuma isishike kutu walitia kromu 6 ndani ya ile maji. Toka 1952 mpaka 1966 maji iliyokwisha kutumika ilimwangwa katika mashimo ambayo chini yake hakukuwekwa kitu cha kuzuia. Watu wakaendelea na maisha. Kromu nayo ikaendelea na safari: ilishuka polepole mpaka kwa maji ya chini ya ardhi, ikatembea mpaka kwa visima. Ni mwaka 1987 ndipo kompani ilijulisha wakubwa wa maji wa jimbo kama kromu imeonekana pale. Watu zaidi ya 600 walishtaki, na mwaka 1996 kompani ilikubali kuwalipa dola milioni 333. Kumbe feza haikusafisha kisima hata kimoja. Familia nyingi zilihama, watoto wakapunguka, na mwaka 2013 masomo ya musingi ya kijiji ilifungwa. Sisi wanafunzi, hii ndiyo ilitugusa zaidi. Toka kumwanga kwa mwisho mpaka masomo kufungwa ni miaka 47. Watoto waliokosa kalasi walikuwa hawajazaliwa wakati ile maji ilimwangwa.

Wengine wanasema: basi, tuipeleke mbali. Hiyo pia imejaribiwa. Katika muji wa Dhaka, inchi ya Bangladesh, viwanda vya ngozi vilikaa miaka mingi katika mutaa wa Hazaribagh na kumwanga maji yao kwa muto Buriganga. Mwaka 2017 vilihamishwa mpaka Savar, kandokando ya muto Dhaleshwari. Lakini mutambo wa pamoja wa kusafisha maji ulikuwa haujakamilika wakati viwanda vilianza kazi, na muto wa pili nao ukaanza kupokea uchafu. Kuhamisha pia si kumaliza.

Basi kutengeneza ni nini? Tukubali kwanza jambo moja. Mabaki ya chakula yanaoza, makaratasi yanaungua, dawa zingine zinavunjika kwa jua. Kromu ni elementi. Haiozi, haiungui ikaisha, haivunjiki. Hakuna mutu anayeweza kuiua. Kazi inayowezekana ni tatu tu: kuigeuza toka 6 kuwa 3, kuitoa ndani ya maji, na kuichunga pale ilipowekwa.

Viwanda vinavyofanya vizuri vinafuata njia hii. Maji machafu inaingia katika tangi ya kwanza, na asidi inatiwa mpaka pH inashuka kwa 2 ao 3. Hapo wanatia dawa yenye kutoa elektroni, kama bisulfiti ya sodiamu ao sulfati ya chuma. Kila kromu 6 inapokea elektroni tatu na inakuwa kromu 3. Rangi ya chungwa inaondoka, kijani inakuja. Kisha maji inapita kwa tangi ya pili, wanatia chokaa mpaka pH inapanda kwa 8 ao 9. Kromu 3 haiwezi tena kubaki imeyeyuka: inashikana, inakuwa chembe za kijani kama matope, inashuka chini. Maji ya juu inachujwa na kupimwa. Matope inakamuliwa na kuwekwa mahali panapolindwa. Na mutu asifikiri kama chokaa ikizidi ndiyo vizuri zaidi. pH ikipita kiasi, ile kromu iliyoshuka inaanza kuyeyuka tena na kurudi ndani ya maji. Kila dawa ina kipimo chake, hata kinini iko hivyo.

Viwanda vya ngozi, kwa kawaida, vinatumia kromu 3 toka mwanzo, basi hatua ya kwanza si kazi yao. Lakini ngozi haimezi yote: karibu theluthi moja inaweza kubaki katika maji. Wenye akili wanaishusha kwa magnesia, wanayeyusha ile matope na asidi ya sulfuri, na kuitumia tena kwa ngozi zingine. Hapo uchafu umerudi kuwa mali, na hakuna wa kulalamika, si mwenye kiwanda, si mwenye kisima.

Huko Hinkley ilibidi kazi ya kugeuza ifanywe chini ya ardhi yenyewe. Wanaingiza alkoli ndani ya udongo, bakteria wanaila na kumaliza oksijeni, na katika hali ile kromu 6 inageuka kuwa 3 na kukamatwa na udongo. Maji ingine wanaivuta na kuimwangilia mashamba ya majani ya ngombe, na udongo wa shamba unaigeuza vilevile. Siku mwalimu alitueleza hii, kalasi yote ilicheka: kanisa letu linakataza pombe, kumbe kuna bakteria wanaokunywa alkoli kusudi watu wapone! Lakini tuache kicheko. Kazi ile ingali inaendelea mpaka leo, zaidi ya miaka 50 nyuma ya kumwanga kwa mwisho. Kazi ambayo ingefanywa kila siku katika tangi mbili, sasa inafanywa chini ya ardhi ya kijiji kizima.

Wenye kusoma Biblia wanakumbuka habari ya Elisha kule Yeriko, katika 2 Wafalme sura ya 2. Maji ya muji ilikuwa mibaya. Elisha hakupita nyumba kwa nyumba kutia chumvi katika mutungi wa kila mama. Alitoka mpaka kwa chemchemi yenyewe, na pale ndipo alitupa ile chumvi. Hatusemi kama Elisha alikuwa mwalimu wa shimi, ile ilikuwa kazi ya Mungu. Tunaangalia tu mahali aliposimama. Maji inatengenezwa pale inapotokea. Kwa kiwanda, ni mbele haijapita mulango wa kiwanda. Kwa sisi, ni ndani ya labo, mbele haijafika kwa bonde.

Basi tulifanya hivi, mwalimu akiwa pamoja nasi, madirisha wazi, glovu kwa mikono na miwani kwa macho. Tulianza na kikombe kimoja kwanza, kusudi tuone. Kisha tukachukua yote. Tulitia asidi kidogo-kidogo. Kwa hesabu, gramu 1 ya bikromati inaomba karibu gramu 5,7 za sulfati ya chuma, ile ya kijani. Kwa gramu 20 inakuwa gramu 114, na sisi tulipima 130 kusudi isipunguke. Rangi ya chungwa iliondoka mbele ya macho yetu, ikaja kijani yenye kuelekea kahawia juu ya ile chuma. Nyuma yake tukatia chokaa, ile ya kupakaa ukuta, tukipima kila mara na karatasi ya pH, mpaka 8 na nusu. Tuliiacha usiku wote. Asubuhi matope ilikuwa imelala chini, na maji ya juu ilikuwa meupe.

Hapo wengi wangesema kazi imekwisha. Lakini maji inaweza kuonekana meupe kabisa na kromu iliyo ndani ingali inapita mupaka, kwa sababu macho yetu hayana nguvu ya kuona kiasi kile. Mwalimu alileta dawa inayoitwa difenilkarbazidi. Ikikutana na kromu 6 katika maji yenye asidi, inatoa rangi ya zambarau. Tulijaribu tone moja la maji ya zamani ndani ya glasi ya maji safi: zambarau ilikuja mara moja. Tulijaribu maji tuliyotengeneza: haikuja. Hata hivyo ile dawa inaonyesha kromu 6 tu, haihesabu kromu 3 ambayo inaweza kubaki kidogo. Kwa hiyo hatukusema kama sasa ni maji ya kunywa, wala hatukuipeleka kwa bonde. Tuliiweka katika beseni pana ndani ya labo ikauke, na kile kilichobaki chini tukakichanganya na matope. Ndiyo ile beseni mliyokuwa mnaona kwa dirisha na kusema wakapita wanachunga maji. Labo ilifungwa siku zile kwa sababu hiyo, na tunawashukuru wadogo zetu wa kalasi za chini ambao walikosa majaribio yao na kuvumilia.

Sasa tunafika kwa neno lenyewe ambalo lilitusukuma kuandika. Maji imekwisha, lakini matope iko. Ilipokauka, uzito wake ulipita mara tatu uzito wa chumvi ya kwanza, kwa sababu ndani yake kuna kromu, kuna chuma, na kuna mabaki ya chokaa. Tuliifunga ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, juu kabisa ya kabati. Pale haiumizi mutu. Lakini kila juma takataka ya masomo inachomwa kwa shimo nyuma ya jiko. Siku moja mutu mwema, anayependa usafi, ataona chupa yenye vumbi na kuitupa kwa moto. Na ile matope ikichomwa pamoja na chokaa iliyo ndani yake, kromu 3 inaweza kurudi kuwa kromu 6. Mvua ya kwanza itachukua majivu mpaka kwa chemchemi, na kazi yetu yote itakuwa bure.

Sisi mafinalisti, kisha Egzetat, tutaondoka. Mwalimu pia anaweza kutumwa mahali pengine. Chupa haitaondoka. Ndiyo sababu tumeomba Bwana Prefe mambo matatu, naye amekubali. La kwanza: juu ya chupa kuna etiketi yenye kuandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, inasema ni kitu gani, tarehe gani, na kama ni marufuku kuchoma, kumwanga ao kuzika. La pili: kuna daftari ya chupa hii katika ofisi, si katika labo tu, na kila mwanzo wa mwaka kapita mupya ataiona kwa macho na kutia sahihi, mpaka siku itakapopatikana mahali pazuri pa kuipeleka. La tatu: toka sasa kila jaribio lenye metali nzito litakuwa na bidoni yake ya mabaki. Hakuna tena kumwanga katika sinki na kufungua robine.

Labda mutu atasema haya yote ni kelele nyingi juu ya gramu 20. Tunamujibu hivi. Wengine kati yetu watakwenda kutafuta kazi katika viwanda na migodi. Katika inchi yetu tunasikia habari ya shaba na kobalti kuliko habari ya kromu. Hizo nazo ni elementi, nazo hazifi. Nazo zinaweza kushushwa kwa chokaa, na matope yake inaomba mulinzi. Siku ile mukubwa wa kazi atakuambia "fungua tu bomba, usiku hakuna anayeona", hutakuwa na gramu 20, utakuwa na tangi nzima, na mushahara wako utakuwa ndani ya jibu lako. Mutu ambaye hakuzoea kuhesabu gramu 20 hapa, sijui kama ataweza kuhesabu tani kule.

Inabaki kupata mutu wa kushika ile daftari nyuma yetu. Tunaomba kila kalasi ya nne na ya tano itoe jina la mwanafunzi mmoja, kijana ao binti, mwenye kuaminiwa na asiyeogopa kuulizwa maswali. Majina yapelekwe kwa mwalimu wa shimi mbele ya mukutano wa wakapita. Tutawaonyesha chupa, tutawaonyesha hesabu, na kila mumoja atafanya jaribio la difenilkarbazidi kwa mukono wake mwenyewe.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la wakapita wa mwaka wa mwisho